Kuchaji Bila Chaji

Katika jumla ya maneno ambayo Waingereza walituachia walipofunga virago vyao, yako yaliyokuja na kazi moja na yakabaki na kazi hiyo hiyo, mfano wa soksi na baiskeli, ambayo tangu siku ya kwanza hayakumtatiza mtu. Na yako mengine ambayo huanza kwa kutuonyesha uso mmoja, tena uso wa upole, hata tukishayazoea na kuyakaribisha ndani ndipo yanapogeuka na kutuonyesha nyuso nyingine ambazo hatukupewa habari zake. Moja katika hayo, na kwa rai yangu ndilo sultani wao, ni lile ambalo wenyewe huliandika "charge" na sisi, kwa kupenda wepesi, tukaliita chaji. Kwa neno hili moja Mwingereza humtoza mtu fedha, humshitaki mbele ya kadhi, huitia simu yake umeme, huishindilia bunduki yake baruti, humvamia adui yake vitani, na humkabidhi yaya mtoto wake. Na maana zote hizo huzitamka kwa sauti ile ile na uso ule ule, akimwachia msikilizaji kazi ya kujua ni ipi iliyomwangukia.

Mhusika wa kadhia nitakazozieleza ni ami yangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa forodha katika bandari ya Unguja, na ambaye Kiingereza chake alikipata mikononi mwa walimu wa zamani, kabla ya uhuru wa 1963, walimu ambao kwao kosa la kihusishi lilikuwa halipungui sana kosa la jinai. Ni Kiingereza kilichonyooka kama rula, kisichojua mzaha wala njia za mkato, na katika maisha yake ya kazi kilimtosha kabisa, kwa sababu katika lugha ya forodhani neno chaji lilikuwa na maana moja iliyo dhahiri, nayo ni fedha anazotozwa mwenye shehena kabla hajaruhusiwa kuitoa ghalani: chaji ya kupakua, chaji ya kupima, chaji ya kuhifadhi, na ile chaji ya kuchelewa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaliza wafanyabiashara. Kutokana na maarifa hayo ami alijiwekea kanuni, na mpaka leo huitaja kwa taadhima, kwamba hakuna mzigo bila chaji wala hakuna chaji bila mzigo.

Zilipoingia simu za mkononi, na vijana wakaanza kusema kwamba simu ina chaji, au haina chaji, au iko kwenye chaji, ami aliipokea maana hiyo mpya kwa shingo upande, akauliza simu inadaiwa na nani, na alipoelezwa kwamba makusudio ni umeme alitikisa kichwa na kusema kwamba neno lililokuwa limestaafu pamoja naye kwa heshima sasa limetafutiwa kibarua uzeeni. Hata hivyo alijifunza. Kwa hiyo siku tuliyofunga safari kwenda London kumzuru binti yake, yeye akiwa mgeni mheshimiwa na mimi mkalimani na mbebaji wa mabegi, ami alikuwa na maana mbili za neno lile, akaamini kwamba amejitosheleza.

Kadhia ya kwanza ilitukuta katika mkahawa mmoja ambamo tulijikinga na mvua. Simu ya ami ilikuwa imezima, nayo ndiyo iliyokuwa na nambari ya binti yake ambaye tulikuwa tumpigie aje kutuchukua; mimi nikaenda kutafuta mahali pa kutawadha, nikamwacha ameketi mbele ya chai yake, chaja mkononi, akilisoma tangazo lililobandikwa ukutani juu ya soketi. Tangazo lile lilisema kwamba wateja wanaweza kuchaji simu zao bila chaji. Ami alilisoma, akalirudia, akavua miwani akaifuta, akalisoma tena. Na kwa kuwa alifundishwa na kazi yake kwamba waraka usiofahamika hauwekewi sahihi, alinyanyuka akamwendea binti aliyekuwa akihudumu, akamwuliza kwa adabu na kwa sarufi iliyokamilika kama je, ipo chaji mahali hapa? Binti yule, kwa ukarimu wote wa moyo wake, alimjibu kwamba hakuna chaji kabisa.

Ami alimshukuru, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kutafuta palipo na chaji. Akaingia duka la pili akauliza vile vile, akajibiwa vile vile, tena kwa tabasamu. Akaingia la tatu, na huko nako wakamhakikishia, wakimpapasa bega kwa huruma, kwamba hapana chaji hata kidogo. Nilipomkuta, mwisho wa mtaa, alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa muuza magazeti, uso wake umejaa masikitiko ya mtu aliyegundua siri nzito ya taifa la watu.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "kumbe mgao wa umeme umefika mpaka Ulaya."

Nikamwonyesha taa za barabarani, nikamwonyesha madirisha ya maduka yaliyokuwa yaking'ara, na mabasi, na mabango ya rangi rangi yaliyokuwa yakiwaka na kuzimika juu ya vichwa vyetu. Ami aliyatazama yote hayo kwa utulivu, kisha akanijibu kwa neno ambalo mtu yeyote aliyewahi kuishi na mgao hawezi kulipinga: "Jenereta."

Jioni ile mkwe wake alituchukua kwenda kula katika hoteli ya chakula ambayo sitaitaja, yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliovaa vizuri kuliko wateja. Tulipokwisha kula ililetwa hesabu, na ami, ambaye hajawahi katika uhai wake kulipa wala kuacha kulipwa hesabu bila kuikagua, akatoa kalamu yake ya risasi akaanza kushuka mstari kwa mstari, hata akafika mahali palipoandikwa kava chaji. Sasa kila msomaji anajua kwamba kava, kwa matumizi yetu, ni kile kigamba cha mpira anachovishwa simu ili isivunjike ikianguka. Ami akaona kwamba hapa ametiliwa vitu viwili asivyoviagiza. Bila kelele wala ghadhabu aliitoa simu yake, akaiweka mezani ikiwa ndani ya kava lake, akaitoa na chaja mfukoni mwa koti akaiweka kando yake, akamwonyesha mhudumu kwamba vyote viwili anavyo, tena vizima, na kwa hiyo mstari ule ufutwe. Mhudumu alivitazama vile vitu, akanitazama mimi, akaeleza kwamba ile ni gharama ya kuketi mezani, ya kitambaa na mkate na vijiko; ami akauliza kama kuna watu wanaokula hapa wakiwa wamesimama, ili na yeye safari ijayo awe miongoni mwao.

Chini ya mstari ule palikuwa na mwingine, wa sevisi chaji, ambayo mjini London kwa kawaida ni asilimia 12.5 ya hesabu nzima, na huo nao ami aliukabili kwa hoja kwamba simu yake haijatimiza muda wa kufanyiwa sevisi. Mkwe wake akalipa haraka, nasi tukatoka.

Ilinilazimu basi, tulipokuwa ndani ya treni, kumweleza asili ya neno lile, maana niliona kwamba dawa ya mti ni kuufuata mpaka mzizini. Nilimwambia kwamba Warumi walikuwa na neno la gari la kukokotwa na farasi, carrus, ambalo wao wenyewe walilichukua kwa watu wa Gallia, nchi ambayo leo ndiyo Ufaransa. Kwamba katika neno la gari likazaliwa neno la kupakia gari. Kwamba Wafaransa wakalirithi wakaliita charger, na Waingereza, ambao tangu walipotawaliwa na Wanormandi mwaka 1066 walikuwa na mazoea ya kuyaokota maneno ya mabwana wao, wakalipokea katika karne ya 13 likiwa na maana ya mzigo, wala si nyingine. Kila maana iliyokuja baadaye ni mzigo ule ule uliohamishwa bega. Ukimpakia mtu deni, umemchaji. Ukimpakia tuhuma, umemchaji. Ukimpakia dhamana ya mtoto au ya wadi ya wagonjwa, huyo ndiye mwenye chaji. Ukiipakia bunduki baruti, bunduki imechajiwa. Na neno la Kihispania ambalo Waingereza wamelifanya jina la shehena ya meli, cargo, ni ndugu yake wa tumbo moja.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo yake, na uso wake ukaanza kunawiri. "Kwa hiyo," akasema, "wamesafiri miaka yote hiyo wakafika kwenye kanuni yangu."

Habari ya umeme ndiyo iliyomfurahisha zaidi. Katika miaka ya 1740 palikuwa na mtu mjini Philadelphia, Benjamin Franklin, aliyekuwa akiufanyia umeme majaribio kwa kutumia chupa za aina iliyobuniwa muda mfupi kabla ya hapo katika nchi za Waholanzi na Wajerumani, chupa ambazo ziliweza kuuhifadhi umeme mpaka atakapokuja mtu kuzigusa na kutupwa upande wa pili wa chumba. Franklin alikuwa akiandika barua kwa rafiki yake mjini London kueleza aliyoyaona, na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa jipya na halina msamiati, alikwenda kuazima maneno ya wapiga mizinga: chupa iliyopakiwa umeme akasema imechajiwa, kwa mfano wa bunduki iliyoshindiliwa, na alipovipanga vyombo vyake kadhaa pamoja ili vitoe kishindo kikubwa, akaviita betri, jina ambalo mpaka siku ile lilikuwa la safu ya mizinga. Kwa hiyo mtoto anayekaa leo barazani akilalamika kwamba betri ya simu yake haishiki chaji anazungumza, pasipo kujua, lugha ya askari wa gobore.

Lakini maarifa ya asili ya neno hayamkingi mtu na shari yake. Asubuhi moja nilimkuta ami jikoni na gazeti, ameinamisha kichwa, chai haijaguswa. Alikuwa amesoma habari ya kijana mmoja aliyekamatwa na polisi akahojiwa mchana kutwa, kisha usiku akaachiliwa bila chaji. "Hili si jambo la kiungwana," akasema. "Kumhoji wamemhoji, lakini kumtoa mtoto wa watu usiku wa manane, na baridi hii, na simu haina chaji, atawaarifu vipi nyumbani kwao?" Nikamweleza kwamba chaji iliyotajwa ni ya mashitaka, kwamba polisi hawakupata la kumshitaki, na kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 inawakataza kumweka mtu kizuizini bila chaji zaidi ya saa 24, ila kwa makosa mazito ambayo, kwa idhini ya mahakama, muda huweza kufika saa 96. Ami alifikiri kidogo, akasema kwamba sheria hiyo ni ya insafu lakini imetungwa na watu wasiojua vyombo vya siku hizi, kwa sababu simu yake yeye, seuze mtuhumiwa, haijapata kukaa saa 24 bila chaji.

Katika siku hizo hizo mkwe wake alishikwa na kidole tumbo, akapelekwa hospitali akapasuliwa, na alhamdulillahi akapata nafuu. Muuguzi alitujia akatuambia kwamba mgonjwa atakuwa discharged kesho. Mimi nilifurahi, ami alishituka. Kwa mtu aliyeishi bandarini neno lile halina maana ila moja, nayo ni kupakua shehena kutoka melini, kwa winchi na kamba na makuli wanaopiga kelele, na hakuona ni vipi mtu mwenye mshono wa siku chache atatendewa hivyo. Nilipomtuliza kwamba maana yake ni mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, alikumbuka upande wa pili wa kanuni yake, akasema kwamba basi haya, lakini hakuna kinachotolewa ghalani bila kulipiwa; na kesho yake alifika hospitali na bahasha ya fedha, akapanga foleni dirishani, akauliza chaji ni kiasi gani. Na kwa kuwa nchini humo, tangu mwaka 1948, matibabu ya hospitali kwa wakazi hulipiwa na hazina ya serikali, yule wa dirishani alimjibu kwamba hakuna chaji. Ami aligeuka akanitazama. "Na hawa je," akanong'ona, "hawana hata jenereta?"

Lililo gumu kuliko yote katika neno hili ni kwamba linaweza kumgeuza bwana kuwa mtwana kwa kuongezwa kineno kimoja kidogo ambacho sisi katika Kiswahili hatuna wala hatujapata kukihitaji. Ukisema kwa Kiingereza kwamba muuguzi yuko in charge of mgonjwa, muuguzi ndiye mwenye amri. Ukikitia hapo kati kile kineno the, ukasema yuko in the charge of mgonjwa, basi mambo yamepinduka, mgonjwa ndiye msimamizi na muuguzi ndiye aliyekabidhiwa kwake. Binti yake ami, kwa kuchelea kwamba baba yake atapotea tena akitafuta umeme, alimwandikia kadi ya kuweka mfukoni, yenye jina lake na anwani na maelezo kwamba mzee huyu yuko in the charge of binti yake, ambaye nambari yake ni hii. Ami aliisoma kadi ile bila kukijali kile kineno kidogo, akafahamu kwamba imeandikwa humo kuwa yeye ndiye msimamizi wa binti yake, na akafurahi mno kuona kwamba Ulaya haijamharibu mtoto. Alikuwa akiitoa na kuwaonyesha majirani, na siku moja alimwonyesha dereva wa basi. Sikuona sababu ya kumsahihisha, kwa maana kwa mila zetu kadi ile, kama alivyoisoma yeye, ndiyo iliyokuwa na habari za kweli.

Katika London ipo pia chaji ya msongamano, ambayo ilianza mwaka 2003, ikiwa pauni 5 kwa siku kwa kila mwenye gari anayeingia katikati ya mji, na mwaka 2020 ikafika pauni 15. Mkwe wake ami ana gari la umeme, na magari ya namna hiyo kwa miaka mingi, mpaka mwisho wa mwaka 2025, yalikuwa yamesamehewa. Kwa hiyo siku tuliyoingia mjini ami alitaka kujua kwa nini sisi tunapita bure na jirani yetu, mwenye gari la petroli, anatozwa. Nikamweleza, na nilipokwisha nilijisikia mwenyewe nikizungumza na kizunguzungu kikanipata: gari lililochajiwa halichajiwi, na gari lisilochajiwa ndilo linalochajiwa. Ami hakuona ajabu yoyote. Alisema kwamba forodhani pia, mwenye mzigo mwingi ndiye aliyejua mlango wa kupitia.

Ni yeye, tulipokuwa tukipita karibu na sanamu za mashujaa wao, aliyenikumbusha kwamba neno hili lina maana nyingine ambayo yeye alikutana nayo kabla ya hizi zote, darasani, alipokuwa mtoto. Mwalimu wao aliwahifadhisha shairi la Tennyson, ambalo watoto wa shule katika makoloni mengi walilihifadhi kabla ya kulifahamu, juu ya wapanda farasi wa Uingereza waliowavamia Warusi mahali panapoitwa Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Siku moja mwalimu akawataka wakitie kichwa cha shairi lile katika Kiswahili, na kijana mmoja, mtoto wa karani wa umeme, aliyejua kwamba chaji ni malipo na kwamba lile neno la pili, light, ni taa, aliandika kwa hati nzuri: "Malipo ya Taa za Kikosi." Alichapwa. Lakini wepesi wa wapanda farasi, ambao ndio uliokusudiwa na Tennyson, na mwanga wa taa, kwa Kiingereza ni neno moja, na ami hushikilia mpaka leo kwamba yule kijana alionewa.

Na ukiitazama kadhia yenyewe ya Balaclava utaona kwamba nayo ilikuwa ajali ya lugha. Mkuu wa jeshi la Waingereza, Lord Raglan, alikuwa juu ya kilima, akawaona Warusi wakijitayarisha kuichukua mizinga waliyoiteka kwa Waturuki kwenye vilima vya upande mmoja. Akatuma amri, iliyoandikwa haraka kwenye karatasi na Jenerali Airey, kwamba wapanda farasi wasonge mbele wawazuie adui wasiondoke na mizinga. Aliyeipokea amri, Lord Lucan, alikuwa chini bondeni, na kutoka bondeni mizinga ya vilima vile haikuonekana. Akamwuliza yule mjumbe, Kapteni Nolan, ni mizinga ipi. Nolan, ambaye subira haikuwa miongoni mwa sifa zake, akapunga mkono kuelekea huko. Huko, kwa bahati mbaya, mwisho wa bonde, palikuwa na mizinga mingine, nayo ilikuwa ya Warusi wenyewe, imeshindiliwa, na askari wake tayari. Lucan akampa amri shemeji yake Lord Cardigan, na mashemeji hao walichukiana kiasi kwamba hawakuwa na mazoea ya kukaa pamoja wakafafanuliana jambo. Basi Cardigan akawaongoza watu wapatao 670 kuingia bondeni, na Nolan akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa, na zaidi ya watu 100 wakamfuata. Ami hulitia jambo hili katika sentensi moja, ambayo kwa Kiingereza haina kosa hata la nukta: kwamba mwaka 1854, simu ikiwa bado haijabuniwa, Waingereza walichaji betri, na chaji ilikuwa kubwa.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawasema watu na lugha yao huku nimeufumbia macho ubaya wetu, itanipasa nieleze na habari ya jirani wa binti yake ami, bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili ili aje Unguja kwa matembezi. Ami alimfundisha salamu, na bibi yule akahifadhi vyema kwamba mtu akiulizwa hali hujibu kuwa ni mzima, na kwamba chombo kisicho na kasoro nacho husemwa ni kizima. Siku moja ami alimwendea amekunja uso, akamwambia kwa Kiswahili cha pole pole kwamba simu yake imezima. Bibi yule alipiga makofi kwa furaha akampa mkono wa hongera. Ami akamweleza kwamba simu ni nzima, ila imezima. Na ukiizima ikiwa nzima utaiwasha, lakini ikizima yenyewe si kwamba si nzima, bali haina chaji. Bibi aliyaandika yote hayo katika daftari lake, akayatazama kwa muda, akaliweka daftari kabatini, na kama sikosei mwaka ule alikwenda Uhispania.

Tuliporejea Unguja, simu ya kwanza ami aliyoipokea ilitoka Maskati, kwa binamu yake ambaye, kama wengi wa huko wenye asili ya kwetu, huzungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe na kukitilia chumvi ya Kiarabu kila anapoghafilika. Katikati ya mazungumzo akamwambia ami amsubiri kidogo aitafute shahin yake, kwa maana simu inataka kuzima. Ami akauliza shahin ni kitu gani. Akaambiwa kwamba kule ndilo jina la chaja. Na lori la mizigo ni shahina. Na kupakia meli na kuitia simu umeme ni kitendo kimoja, shahn.

Ami aliiweka simu chini bila ya kuaga. Maisha yake yote alikuwa ameandika neno shehena katika madaftari ya forodha, na kusema kwamba jahazi limesheheni, na kwamba meli ishehenezwe kabla ya maji kujaa. Na neno hilo hilo, kumbe, upande wa pili wa bahari lilikuwa limekwisha kwenda safari ile ile ya kutoka kwenye mzigo mpaka kwenye umeme. Neno tulikuwa nalo ghalani, limelipiwa ushuru zamani, na hatukwenda kulitoa. Akaapa kwamba chaji haitatamkwa tena nyumbani kwake, na kwamba kuanzia siku ile simu itasheheni, na isiposheheni itashehenezwa.

Siku ya pili alivaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akashika fimbo, akanitaka nimfuate mpaka Darajani, kwenye kibanda cha kijana mmoja mwenye meza iliyojaa waya na simu za watu. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu alfajiri, lakini kijana yule alikuwa na jenereta, jambo ambalo ami alilitambua kwa kunitupia jicho. Akaitoa simu yake, akaikabidhi kwa mikono miwili kama itolewavyo amana, akasema kwa sauti ambayo hata wauza samaki waliisikia:

"Nisheheneze simu hii, mwanangu."

Kijana aliitazama simu, akamtazama mzee, akaonyesha kwa uso wake kwamba ameelewa barabara.

"Shikamoo, babu. Kusheheneza tunachaji mia tano."

Ami akatoa mia tano, akadai risiti.